Mgongo Niliompa Baba Mkwe

Kwa miaka tisa niliishi boma moja na baba mkwe wangu bila kuujua uso wake. Nilikijua kikohozi chake. Nililijua koti lake la kahawia na visigino vyake vilivyopasuka, maana ndivyo nilivyoviona kila alipopita nami nimeinamisha kichwa. Uso sikuwahi kuuona, na yeye wangu hakuwahi kuuona.

Ukoo wa mume wangu ni wa Ibaba, juu kule Ileje, na wao mila hiyo waliishika vizuri. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Hawali mahali pamoja wala hawapishani njiani. Mmoja akisikia hatua za mwenzake, anaingia shambani mpaka apite. Mkiwa na jambo la kuambiana, mnaambia kitu. Mimi nilisimama nje ya chumba chake na kusema, "Mlango, mwambie baba uji uko tayari." Naye hakunijibu mimi, aliujibu mlango: "Mlango, mwambie mama nimesikia." Maisha yakaenda hivyo, na uji haukuwahi kupoa kwa sababu ya mlango.

Mimi kwetu ni Itaka, Mbozi, na nyumbani kwa wazazi wangu mambo hayo yalishalegea. Mwaka wa kwanza nilimwambia mume wangu kwamba nimeolewa na mtu, sikuolewa na milango. Alicheka sana. Mimi sikucheka. Lakini nina tabia moja ambayo imeniponza mara nyingi: jambo nikishindwa kulikwepa, nataka niwe wa kwanza kwalo. Basi nikajifunza. Nikawa nasikia hatua za mzee kabla hajafika kwenye kona ya zizi, na akitokea anakuta nimeshapotea. Wanawake wakaanza kunisifu kisimani, kwamba huyu mgeni wa Mbozi amewashinda wenyeji kwa heshima. Nikavimba kichwa. Sifa hiyo ndiyo iliyokaribia kumuua mzee wa watu.

Alikuwa na kisukari, na kila baada ya muda alitakiwa kwenda Tunduma kupimwa. Kazi ya kumpeleka ilikuwa ya mume wangu, ambaye ni dereva wa lori. Safari hiyo lori lilikwama kwenye foleni ya mpakani, upande wa Nakonde, Zambia, siku ya tatu halijasogea. "Nawaona Watanzania wenzangu ng'ambo pale," aliniambia kwenye simu, "lakini siwezi kuliacha gari. Nenda naye wewe." Mama mkwe magoti yalikuwa yamemkamata. Hakukuwa na mwingine. Nikafunga kikapu cha chakula, chapati mbili, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai isiyo na sukari, kwa kuwa damu ilitakiwa ichukuliwe kabla hajala. Kwenye basi mzee alikaa mbele na dereva, mimi kiti cha nyuma kabisa, nikatazama dirishani hadi mji wa Mpemba na baada ya hapo.

Hospitali nesi alipomtoa damu alimuuliza kama amemeza dawa. Mzee akasema ndiyo, alfajiri, kama kawaida. Aliambiwa asile, dawa hakuna aliyemwambia asimeze. Nilikuwa nimesimama mlangoni, kanga imenifunika hadi kwenye macho, nikasikia sauti ya nesi ikibadilika.

"Mzee, umemeza dawa ya kushusha sukari na tumbo tupu? Basi unatakiwa ule sasa hivi. Usingoje majibu, majibu ni saa nane." Kisha akanijia mimi. "Wewe ndiye uliyekuja naye? Hakikisha amekula. Ukiona anatoka jasho, anatetemeka, au anaongea maneno yasiyo na mpango, jua sukari imeshuka. Nimempa pakiti ya glukosi, ameiweka kwenye koti. Mpe haraka. Akiwa hawezi kumeza usimnyweshe kitu, mpake ndani ya shavu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Mbona unaongea na sakafu?"

Nilichukua kikapu nikageuka, na palepale, kwenye kona ya korido, mzee naye akawa anatoka kwa mlango wa pili. Tulikaribia kugongana vifua. Alijivutia kofia usoni, mimi nikajitupa ukutani kwa nguvu hadi chupa ya chai ikalia. Wagonjwa waliokaa pale walicheka. Uso uliniwaka. Miaka tisa bila kosa, halafu nakosea mbele ya kadamnasi.

Nikasikia akisema, kwa sauti ya mtu aliyeaibika, "Benchi, mwambie mama hapa siwezi kula. Twende kwenye mti wangu."

Habari ya mti huo nilishaipata. Jioni moja kabla ya safari alikuwa ameuambia mlango kwamba tukimaliza mambo ya hospitali ana mti wake mjini. Katikati ya Tunduma kuna bustani ya mimea ya zamani, iliyoanzishwa enzi za wakoloni kwa kujaribu miti ya kila namna ili waone ipi itakubali udongo wa huku. Mji umekua ukaizunguka. Upande mmoja kuna maduka ya vipuri, upande mwingine malori yanangoja kuvuka, na katikati upo ukuta wa matofali yaliyoota ukungu, na juu ya ukuta majani. Baada ya uhuru wasimamizi wake walitafuta miche ya miti ya milimani, na baba mkwe, kijana wakati huo, alibeba mmoja kutoka Ibaba kwa miguu, umefungwa kwenye majani ya mgomba. Ni ule mti tunaochongea mizinga ya nyuki. Kiswahili chake sikijui. Aliupanda kwa mkono wake, akamwagilia msimu mmoja, akarudi nyumbani, na hakuwahi kuuona tena.

Bustani haikuwa mbali, lakini mwendo ule ulikuwa wa mateso. Yeye mbele, mimi nyuma hatua kama ishirini, macho yangu kwenye visigino vyake, katikati ya wabadilisha fedha na wanawake wa Kizambia wenye vifurushi. Pikipiki ilimpita mzee karibu sana, nami sikuweza kuinua kichwa. Nilisikia tu Mzambia mmoja akiniita mama kwa lugha yao, "Mayo, angalia njia." Nilikuwa nafikiria chapati. Nesi alisema sasa hivi, na ile sasa hivi ilishapita zamani.

Langoni alikaa mama mmoja wa ushungi, mwenyeji wa Kondoa aliyeletwa Tunduma na biashara ya mume wake, anauza tiketi na kufagia njia. Mzee aliingia. Mimi nikasubiri nje ili afike mbali.

"Dada, si mko pamoja na yule mzee?" aliniuliza. "Mbona unamnyemelea kama mpelelezi?"

"Ni baba mkwe wangu."

"Sasa?"

"Kwetu hatutazamani."

Alinikatia tiketi. "Haya," akasema. "Mlango ni huu mmoja tu. Hapotei."

Ndani palikuwa na ubaridi. Sauti za malori zilibaki nyuma ya ukuta, na kila mti ulikuwa na kibati kilichopigiliwa msumari, jina la kigeni na namba. Nilifuata njia nikisikiliza, mpaka nikakisikia kile kikohozi nyuma ya ua mrefu wa michongoma. Alikuwa ameshaufikia mti wake. Mwisho wa ua palikuwa na benchi la saruji. Nikaenda kinyumenyume, nikapanga chakula juu ya benchi: mayai na chapati ndani ya mfuko wa nailoni, kikombe, chupa ya chai. Nikakohoa mara mbili, ndiyo alama yetu, nikarudi upande wangu wa ua. Nilikaa kwenye mzizi wa mti mwingine, nikampa mgongo.

"Mti," nikasema, "mwambie baba chakula kiko kwenye benchi."

"Mti, mwambie mama nimesikia. Kwanza nautazama huu."

Nikangoja. Hakuna kikombe kilicholia.

"Mti, mwambie baba nesi alisema ale sasa hivi."

"Mti, mwambie mama wameupa namba. Mtoto wa Ibaba amekuwa namba arobaini na moja." Alicheka kidogo. "Ulikuwa unanifika gotini. Tazama sasa. Mikono yangu miwili haiuzunguki."

Alikuwa na furaha, na mimi nilianza kukasirika. Si kwamba sikuelewa furaha yake. Nilikuwa na njaa, nina aibu ya korido, mume wangu yuko kwenye foleni anakunywa soda, na hapa mzee anafurahia mti huku dawa inafanya kazi tumboni mwake. Nikauambia mti mara ya tatu, sauti ikiwa kali kuliko inavyotakiwa. Akasema polepole sana:

"Mwambie mama awafunge ndama."

Hapa ndipo ninaporudi kila siku. Alisema ndama, katikati ya mji wa Tunduma, na hakuuita mti. Nesi alinipa alama tatu, na moja ilikuwa hii, imekuja mbele yangu wazi kabisa. Lakini wiki iliyotangulia nilisahau kuwafunga ndama wakaingia kwenye mahindi ya mzee, na hakusema neno. Basi mimi nikaona ananisuta. Nikajiambia, kumbe alikuwa ameliweka moyoni, na leo baada ya kukaribia kumgonga hospitali ameamua kulitoa. Nikanuna. Nikakaza mgongo. Kama hataki kula chakula changu, basi.

Dakika zikapita, sijui ngapi. Kwenye foleni lori moja likapiga honi ndefu na mengine yakalijibu. Nilisikia kitu nyuma ya ua, kama mtu anayejikalisha chini taratibu kwenye majani makavu. Nikafikiri amekaa kupumzika. Moyo uliniambia geuka. Nikaubishia. Mke wa Ibaba hageuki, na mimi ndiye niliyesifiwa kisimani, na kwa siku moja makosa mawili yangekuwa mengi. Nikauambia mti, "Muulize baba kama yuko salama." Hakujibu. Nikasema kimoyomoyo kwamba mtu mzima akinuna huachwa.

Jasho lilianza kunitoka mimi. Nikawa nasikiliza kwa mwili mzima, kama ninavyosikiliza kule zizini. Ndipo nikasikia mfuko wa nailoni ukichakarika. Kikombe kikaanguka kwenye saruji. Mfuko ukachakarika tena, kwa pupa ya mtu mwenye njaa kweli. Anakula. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Mabega yakashuka, hasira ikaisha palepale, nikaanza hata kumwonea huruma kwa kula haraka hivyo. Nilitoa simu nikamwandikia mume wangu: amekula.

Kivuli kikanipita kichwani. Kunguru alikuwa ametua kwenye tawi mbele yangu, na kinywani alikuwa na chapati yangu nzima.

Sikuzunguka njia. Nilipita katikati ya michongoma, miiba ikaishika kanga ikaivua kichwani nikaiacha pale. Nilimkuta chini, ameegemea mti wake, miguu imenyooka, kofia pembeni. Mkono mmoja ulikuwa umeelekea upande wa benchi. Koti lilikuwa limelowa. Na mimi, nasema hili kwa sababu sijawahi kumwambia mtu, hata wakati huo niliinamisha macho nikasema, "Mti, muulize baba ananisikia?"

Mti haukujibu. Nikamtazama.

Alikuwa na uso wa mwanangu wa pili. Paji lilelile, na ile mikunjo miwili kati ya nyusi ambayo mwanangu anayo tangu kuzaliwa na nilikuwa sijui ameitoa wapi. Kinywa kilikuwa wazi, ngozi ina rangi ya majivu. Nikampigia kelele mama wa geti, kisha nikatia mkono kwenye koti la baba mkwe wangu. Mfuko wa kwanza ulikuwa na ugoro na ufunguo. Wa pili ulikuwa umetoboka. Nilifungua vifungo, nikaingiza mkono ndani kifuani kwake, nikausikia moyo unakwenda mbio, na hapo ndipo ilipokuwa pakiti. Niliipasua kwa meno. Nikafungua shavu lake kwa kidole nikampaka unga ule, nikampaka tena, nusu ukamwagika kwenye ndevu.

Mama wa geti alifika anahema. Hakuuliza kitu. Alipiga magoti, akamlaza ubavu, akakishika kichwa chake mapajani. "Endelea," akasema. "Usiache." Nikaendelea. Unga mwingine nikawa najipaka mwenyewe. Nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyompigia mume wangu simu, na neno nililomwandikia muda mfupi uliopita.

Kwanza alimeza. Kisha akameza tena. Kope zikacheza. Alipofungua macho yalikuwa hayana mtu ndani, halafu taratibu mtu akarudi, akanitazama usoni. Sikuwa na kanga. Nywele zilikuwa zimefumuka, nina damu ya miiba mikononi.

"Ahsante, mama," akasema. "Wewe ni wa hapa mjini?"

Hakunijua. Angenijulia wapi? Sauti yangu angeijua hata usingizini, kwa hiyo nikafunga mdomo. Mama wa geti akafungua wake ili aseme, nikamtikisia kichwa. Alinielewa.

"Pumzika, babu," akamwambia. "Umepatwa kidogo, lakini umerudi."

"Nimekuja na mkwe wangu," mzee akasema. Alikuwa ananiangalia mimi. "Yuko nyuma ya ua huo, amekaa kwa heshima. Msimwite. Akinikuta nimelala hivi atashtuka." Akapumua. "Nilimwita mwenyewe. Mara tatu. Niliona dunia inazunguka nikauacha mti, nikamwita kwa jina lake alilopewa na baba yake. Sauti ilibaki humu." Aligusa koo. "Nyinyi msimwambie hilo. Ni mtu wa hasira, huyo mama, lakini hasira zake zinamla yeye mwenyewe. Akijua nilimwita atajilaumu hadi afe."

Nilisimama. Nilizunguka ua kwa njia, nikaitoa kanga kwenye miiba, nikajifunika, nikarudi kukaa kwenye mzizi uleule na mgongo uleule. Nilijiziba mdomo kwa ncha ya kanga mpaka kilio kikapita. Kisha nikasema, kama mtu ambaye hajaona chochote:

"Mti, mwambie baba chai iko kwenye chupa."

"Mti, mwambie mama nimesikia. Mwambie nilikuwa nimesinzia kidogo."

Mama wa geti alileta mkate wake mwenyewe na soda, akakaa naye hadi akamaliza. Kisha alitusindikiza hospitali, yeye ameshika mkono wa mzee, mimi hatua ishirini nyuma. Alimweleza nesi kila kitu pembeni, mzee akalazwa hadi kesho yake. Wakati wa kuagana nilimshika mkono mama yule kwa mikono yangu miwili. Yeye alianza, "Nyinyi watu," halafu akaacha, akanirekebishia kanga begani.

Kesho yake asubuhi mume wangu aliuvuka mpaka, akaja kutuchukua. Alikuwa amesoma ule ujumbe wangu na kuridhika. Nilimwambia baba yake alisinzia bustanini, na kwamba walimlaza ili waiangalie sukari tu. Ndivyo anavyojua hadi leo.

Mila sikuivunja. Ninainama, ninapisha njia, na ule uso sijautazama tena, ingawa nauona kila ninapomwogesha mwanangu. Nilichobadilisha ni kimoja. Nauuliza mlango mara ya kwanza. Nauuliza mara ya pili. Mara ya tatu siulizi, nausukuma. Nilifanya hivyo mara moja tu, mzee akiwa amechelewa kujibu kwa sababu anafunga kamba za viatu, na nilifika katikati ya chumba, macho yangu chini, kabla hajajifunika kofia. Kelele zilizotokea! Mama mkwe aliniuliza ujeuri huo nimeutoa wapi. Nikamwambia Tunduma.

Tangu siku hiyo baba mkwe hangoji nimalize. Akisikia tu ndala zangu zinakuja uani, kabla sijafungua kinywa, ananiwahi kwa sauti kubwa inayofika hadi jikoni.

"Mlango, mwambie mama nipo."